Barabara za Ami Saidi

Wiki iliyopita, kwenye lifti ya ofisi yetu hapa Richardson, karibu na Dallas, aliingia kijana mmoja na baiskeli ya mbio begani, akanibana ukutani na gurudumu lake, akaniomba radhi kwa tabasamu. Mlango ulipojifunga nikasikia harufu ya mpira uliopata moto na grisi ya mnyororo. Nikashuka ghorofa isiyo yangu. Nilisimama kwenye korido nimekumbatia mkoba, machozi yananitoka, huku nikijisuta: Zuhura wewe, una akili kweli? Unamlilia nani hapa, mbele ya mashine ya kahawa?

Nilikuwa namlilia baba yangu, ambaye tulimzika nje ya Houston kwenye ardhi tambarare isiyo na hata kichuguu. Nyinyi wenzangu mliokulia huku mna harufu zenu za nyumbani: udi wa Ijumaa, maandazi, sare ya mama iliyotoka zamu hospitalini. Mimi nyumbani kwetu kulinuka mpira wa moto, na nilikuwa mkubwa tayari nilipojua kwamba nyumba za watu wengine hazinuki hivyo.

Tulikaa Gulfton, mtaa mmoja wa Houston, kwenye fleti za matofali, ghorofa ya pili, dirisha likitazama maegesho ya magari. Sebuleni, kati ya kochi na TV, ilisimama baiskeli ya Baba. Ilikuwa baiskeli ya mbio hasa, nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, lakini haikwenda popote. Gurudumu lake la nyuma lilibanwa kwenye stendi ya chuma na kukaa juu ya kigurudumu kidogo kilicholikaza. Baba alipoanza kuinyonga, gurudumu lilivuma, mpira ukapata moto, na harufu ikaingia mpaka kwenye mapazia. Jirani wa chini, mama mmoja wa Kikongo, alikuwa akigonga dari lake kwa mpini wa ufagio. Baba akimsikia husema, "Huyo naye anataka kutupita," kisha huongeza mwendo.

Alichokuwa akikifukuzia ni barabara za Ami Saidi. Ami Saidi hakuwa ndugu yake wa tumbo moja, lakini katika ujana wao kule Unguja walikimbiza baiskeli pamoja kutoka mjini mpaka Makunduchi, Baba mbele na Saidi nyuma yake, na baadaye Saidi akaenda Ufaransa, akaoa huko, akaishi katika kijiji kisicho na hata duka moja la maana. Kila baada ya muda alifunga kamera kwenye usukani wake, akazunguka njia za mashambani, na kumtumia Baba ile filamu kwa simu, nasi tukaiweka kwenye TV. Mwishoni ilisikika sauti yake, pumzi zikimwishia: "Yakhe Hamisi, hii ya leo unaiweza? Jizoeze. Kiangazi kijacho unakuja, tunanyonga wote."

Kiangazi kijacho. Nimelelewa na maneno hayo mawili kama wengine walivyolelewa na hadithi za sungura. Mama aliyasema kwa kuyapunguza sauti, Baba kwa kuyapandisha.

Barabara zenyewe mimi nilizipenda kuliko katuni. Zilikuwa nyembamba, na gari likipita lilikuwa jambo la kutajwa. Kulikuwa na miti mikubwa pande zote mbili, magome yake yana mabaka, kivuli chake kikikatakata barabara. Kulikuwa na mashamba ya alizeti, ng'ombe weupe waliolala, mfereji wa maji uliotulia kabisa, na vijiji vya mawe ambavyo madirisha yake yote yalikuwa yamefungwa. Niliviogopa vijiji hivyo. Nilimuuliza Baba kama watu wake wamekufa. "Wanakula," alinijibu. "Huko ikifika saa sita ya mchana, hata mbwa hatoki nje." Na mimi, mtoto wa Gulfton ambako barabara haziishi kunguruma na mtu akitembea kwa miguu anadhaniwa gari lake limeharibika, niliona kwamba Ufaransa ndiyo pepo tunayosomewa madrasa, ila kule kuna baiskeli.

Nami nilikuwa na kazi katika safari hiyo. Baba alinieleza kwamba waendesha baiskeli wakienda msururu, wa nyuma huinamisha kichwa na kumfuata wa mbele tu, na wa mbele hutangaza kila kinachokuja: shimo, mchanga, kona, gari. Basi alininunulia kigoda, akanikalisha kando ya TV, akasema mimi ndiye wa mbele. Nikirudi skuli, nikishakunywa maziwa, tunaanza.

"Left turn, Baba!"

"Kwa Kiswahili. Ami Saidi atakucheka."

"Kona kushoto!"

Baba huinama kushoto.

"Kilima!"

Baba huinuka kwenye kiti, baiskeli inalia.

"Babu na mbwa wake! Babu ame-wave!"

"Amepunga mkono. Mpungie na wewe."

Nami nilimpungia yule mzee wa Kifaransa kwenye kioo cha TV, na Baba alipunga pia, jasho likimdondoka kidevuni.

Mnaelewa kwamba sikujua. Sasa nikitazama nyuma kila kitu kilikuwa wazi kama mchana, lakini mtoto huona anachopenda. Baba alikuwa dereva wa basi dogo la uwanja wa ndege, kisha siku moja akaacha. Niliambiwa ni mgongo. Mimi kichwani mwangu nilijua zaidi yao: ameacha kazi ili ajiandae na safari ya Ufaransa, na mgongo ni kisingizio cha kumwambia bosi. Darasani nilijisifu kwamba baba yangu ni mkimbiza baiskeli na ana mazoezi kila siku. Baba akipita koridoni huburuza vidole ukutani, nikadhani anapima kuta. Akijimiminia chai hutia ncha ya kidole ndani ya kikombe, nikadhani ndivyo wanavyofanya wanaume wa mbio, na mimi nikawa natia kidole kwenye maziwa yangu mpaka Mama akanizaba kofi la mkono. Wakati wa sala Mama alimshika mabega na kumgeuza kidogo kuelekea kibla kabla hajafunga sala, nikadhani ni mapenzi. Labda hilo sikukosea.

Sukari ilikuwa inamla macho. Ilianza pembeni, kama anavyosema Mama, ikaingia katikati taratibu, na daktari aliichoma kwa mwanga na bado haikusimama. Mama alikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali kubwa, anaondoka na basi alfajiri kwenda kuwaosha na kuwageuza wagonjwa wa watu, kisha anarudi kwa mgonjwa wake mwenyewe asiyekubali kuitwa mgonjwa. Niliwahi kuwasikia jikoni wakibishana, nikiwa chini ya meza na rangi zangu.

"Mwambie mwenzio," Mama alisema. "Mficha maradhi..."

"Umalizie wewe hiyo methali, mimi naijua."

"Baba Zuhura, Saidi ni mtu wako. Atakuelewa."

"Atanielewa sana. Na akishanielewa, hataniita tena. Atanipigia kuniuliza dawa nimekunywa, sukari ngapi, nimelala vipi. Niachie mtu mmoja duniani anayenambia njoo."

Mama alifungua bomba na kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Mimi chini ya meza nilifikiri wanazungumza habari za mgongo, nikasikitika kidogo, nikaendelea kuipaka rangi baiskeli yangu.

Siku niliyojua ilikuwa siku ya kawaida ya joto la Houston, lile linalokufanya uhisi umefunikwa taulo bichi. Baba alikuwa anapanda mlima mrefu, mimi nipo kwenye kigoda. TV yetu ilikuwa kuukuu. Ghafla picha ikakatika, kioo kikawa cheusi tititi, lakini sauti ikabaki: upepo, mnyororo, pumzi za Ami Saidi. Nilimgeukia Baba nikingoja aseme lo, TV imekufa. Baba aliendelea kunyonga. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea kwenye kile kioo cheusi, na uso wake umejaa ile furaha ya mtu anayekaribia kileleni.

"Mbona kimya? Kuna nini mbele?"

Nikapunga mkono mbele ya uso wake. Hakupepesa.

"Zuhura! Umelala? Kuna nini?"

"Kona," nikasema.

"Ya wapi?"

"Kushoto."

Akainama kushoto. Sitasahau alivyoinama. Aliinama kwa imani kabisa, bega zima, kwenye kona ambayo haikuwepo, na kitu ndani ya kifua changu kikaporomoka na mpaka leo hakijasimama. Ningeweza kupiga kelele. Badala yake nikaendelea. Nikampa alizeti, nikampa ng'ombe, nikampa mfereji. Kisha Ufaransa ikaniishia, maana mtoto ana Ufaransa kiasi gani? Nikachungulia dirishani na kuanza kumpa nilichokiona kwenye maegesho yetu.

"Kuna mama anasukuma kigari cha nguo chafu."

Baba akacheka. "Hata Ufaransa wanasukuma nguo?"

"Ndiyo. Na kuna watoto wanagombania mpira."

"Wapigie kengele wapishe."

Nikafanya kengele kwa mdomo. Mlango ukafunguka, Mama akaingia na sare yake, akaona TV nyeusi, akaniona mimi nalia mashavu yote huku napiga kengele kwa mdomo, akamwona mumewe anaendesha baiskeli katikati ya watoto wa Gulfton. Alivua viatu, akakaa chini hapo hapo mlangoni, akajiziba mdomo kwa mtandio.

Baadaye nilimfuata jikoni. "Mama, can he see me?"

"Anaona kivuli chako," alisema. "Ukikaa upande wa dirishani."

"Na kesho?"

"Kesho sijui, mwanangu." Akanishika kidevu. "Usimwonyeshe kwamba unajua. Ndicho alichobaki nacho."

Basi tukaishi hivyo, watu watatu katika fleti ndogo, wote tunajua na wote tunajifanya hatujui. Wengine huita hali hiyo heshima. Mimi siku hizi huiita kwa jina lake: ulikuwa upweke, na tuliugawana kama mkate. Nilianza kukaa upande wa dirishani kila mahali, hata mezani, ili kivuli changu kimfikie. Mama akaleta TV nyingine kutoka kwa jirani aliyehama, na nikarudi kutangaza barabara za kweli, lakini tayari raha ilishaondoka. Kila nikisema kona nilimtazama anavyoinama.

Kisha Ami Saidi akatangaza anakuja. Kulikuwa na harusi ya jamaa zake huko Dallas, na kabla ya kurudi Ufaransa angepita Houston alasiri moja tu, amwone Hamisi wake. Nyumba yetu ikawa kama inajiandaa kwa mtihani. Baba alipanga kila kitu. Angekuwa ameshakaa kwenye kiti kabla mgeni hajaingia, kanzu nyeupe, kofia, na asiinuke kwa kisingizio cha mgongo. Mama angemtia kikombe mkononi. Na mimi niliitwa peke yangu.

"Leo barabara usiitangaze," Baba aliniambia. "Leo nnaiona mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo."

Ami Saidi alikuwa mtu mfupi, mwembamba, amekauka na jua kama korosho, na miguu ya kijana chini ya uso wa mzee. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia na kuniinua juu. Akamwinamia Baba pale kitini na wakakumbatiana kwa muda mrefu, na mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kuamini. Walicheka habari za Makunduchi, nani alianguka, nani alizoa mchanga. Baba alikuwa mzuri siku ile, wallahi. Alijua sauti iko wapi na akaelekeza macho huko huko. Alikunywa chai yake bila kumwaga tone. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni na kidogo kidogo mabega yake yakashuka.

Ndipo Ami Saidi akatoa simu yake, akaiunga kwenye TV.

"Hii sijakutumia," alisema. "Nimeibeba mwenyewe ili nikuone uso."

Akakaa kwenye kochi kati yangu na Baba. Filamu ikaanza. Ilikuwa barabara mpya, mlima mkali uliokuwa mtupu kabisa, majani mafupi na mawe na ukungu kidogo, hakuna mti hata mmoja. Nilisikia pumzi za Ami Saidi mara mbili, zile za kwenye TV na zile za pembeni yangu, kwani alikuwa amesisimka kama mtoto. Kisha kwenye lami, mbele, nikaona weupe. Huko kwao watu huandika majina ya wakimbiaji wao juu ya barabara, ili mtu akiwa anakufa mlimani asome jina lake na apate nguvu. Sikulijua hilo wakati ule. Niliona herufi tu, kubwa, zimejaza barabara nzima, moja baada ya moja zikipita chini ya gurudumu. HAMISI. Na mbele kidogo, KAZA.

Ami Saidi hakuwa anatazama TV. Alikuwa anamtazama Baba, mdomo wazi, akingoja.

Baba alikuwa anatabasamu tabasamu lile lile alilokuwa nalo tangu mwanzo. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeridhika.

"Umeona?" Ami Saidi akamuuliza.

"Nimeona," Baba akasema. "Mashaallah. Miti mizuri sana."

Filamu iliendelea. Ami Saidi alimtazama Baba, akanitazama mimi, na sijui uso wangu ulikuwaje, lakini alichokihitaji alikisoma. Akamgeukia Mama mlangoni. Mama akainamisha kichwa.

"Ndiyo," Ami Saidi akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, namshukuru kwa hilo mpaka kesho. "Miti ya huko ni mizuri." Akainuka, akaomba maji ya kutawadhia, akakaa msalani bomba likimwagika muda mrefu kuliko udhu wa mtu yeyote. Alipoondoka alimbusu Baba kwenye paji la uso. Baba alifurahi mno. Jioni ile alimwambia Mama, "Umeona? Hakugundua."

Filamu hazikuja tena. Ami Saidi alipiga simu, tena mara nyingi kuliko zamani. Alimuuliza Baba dawa amekunywa, sukari ikoje, amelala vipi. Alikuwa mpole kupita kiasi. Baba aliitika, anangoja, simu inafika mwisho, wanaagana, na yale maneno mawili hayakusemwa. Niliona jinsi alivyoishikilia simu sikioni hata baada ya kukatika. Kiangazi kikaja, kikapita, kikaja kingine.

Kisha alasiri moja aliniita nimpandishe kwenye baiskeli. Nilishakuwa mkubwa kidogo, kigoda hakikunitosha tena. Alikaa, akashika usukani, lakini hakunyonga.

"Zuhura. Siku ile Saidi aliponiuliza kama nimeona. Kulikuwa na nini pale?"

Nilikuwa na jina lake mdomoni. Nilikuwa naliona kabisa, jeupe, kubwa, limeandikwa na mtu aliyeamka mapema na ndoo ya chokaa kwa ajili yake, mlimani, katika nchi ambayo hatafika. Nikawaza: nikimwambia, atajua kwamba lilipita mbele ya macho yake naye akasifu miti. Atajua siku hasa aliyopotea kwa rafiki yake, na kwamba sote tulikuwepo tukitazama.

"Miti, Baba," nikasema. "Miti mingi."

Uso wake ulilegea, nami nikadhani nimemwokoa.

"Basi nilijibu sawa," alisema. Akageuza kichwa upande wa dirishani, kwenye kivuli changu. "Sasa mbona haniiti tena? Nimemkosea nini Saidi?"

Alingoja, mguu mmoja juu ya pedeli, kisha akanyoosha mkono niushike, akashuka.